Kuanza Upya Mbele ya Wanaokujua

Katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ukitoka Mweso ukapita Kashuga kuelekea Pinga, unafika Kalembe, pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanzia. Huko, swali la kama mtu anaweza kweli kuanza upya haliulizwi kwa kupitisha muda. Vita vilivyozuka sokoni Ntoto, upande wa Walikale, Machi 1993, viliwang'oa mashambani wazee wa leo walipokuwa bado vijana. Vita vya 1996 vikawakuta, kisha miaka ya waasi wa CNDP, kisha mapigano ya vikundi vinavyogombea kilima hiki na kile. Oktoba 2024 waasi wa M23 waliingia Kalembe, wapiganaji wa Wazalendo walio upande wa serikali wakawasukuma nyuma, na wenyeji wakafunga tena magodoro kwa kamba. Mama wa huko akisema "tunaanza tena", anazungumzia kazi ya kesho asubuhi: kutafuta mbegu, kukata miti ya kibanda, kujua nani bado yuko hai.

Hata hivyo mkimbizi wa ndani, pamoja na taabu zake zote, ana nafuu moja. Alichopoteza aliporwa, na kila mtu anajua hivyo. Hana wa kumwomba radhi. Kesi ngumu ni ya yule aliyekuwa upande wa pili wa bunduki. Katika vijiji vya Masisi na Walikale wako vijana, na sasa wako mababa wa watoto, waliopita katika kikundi hiki au kile: Mai-Mai, Nyatura, APCLS, NDC. Wengine walichukuliwa kwa nguvu wakitoka shule, wengine walikwenda wenyewe kulipiza kisasi, wengine waliona hakuna shamba wala ng'ombe wa kurithi. Siku moja wanatoka msituni. Makala hii ni yao, na ya wale wanaotakiwa kuwapokea. Kama wewe hujawahi kushika silaha lakini uliuza shamba la baba yako kwa ajili ya pombe ya kasiksi, au ulikimbia na pesa za mchezo wa likelemba, au uliacha mke na watoto Walikale ukaoa tena Goma, endelea kusoma. Mlango wa kurudia ni huohuo.

Jibu langu nalitoa mapema ili nisikuchoshe. Kuanza upya kupo. Kuanzia sifuri hakupo. Anayetoka msituni anarudi mahali ambapo hesabu yake iko tayari vichwani mwa watu: alichukua mbuzi wa nani, alisimama kwenye barieri gani ya barabarani siku mwalimu alipopigwa. Hesabu hiyo haifutwi kwa karatasi wala kwa maombi. Inalipwa polepole, na ziko sehemu zake ambazo hazitalipika, utazeeka nazo. Anayekuahidi zaidi ya hapo ana kitu anachokuuzia.

Kwa zaidi ya miaka ishirini serikali na wafadhili wamejaribu kuwanunulia wapiganaji mwanzo mpya. Programu ya kitaifa iliyosimamiwa na tume ya CONADER kuanzia 2004 ilimpa aliyeacha silaha dola 110 za kuondokea kambini, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Wengine walipewa cherehani, baiskeli au sanduku la zana za useremala. Mwaka ulipokwisha pesa zikakoma, na wengi wakabaki walipokuwa: hawana shamba, hawana anayewaamini, na kamanda wa zamani bado anajua wanapolala. Mwaka 2013 mamia ya waliojisalimisha mashariki walihamishiwa kambi ya Kotakoli, mbali kabisa, katika mkoa wa Équateur wa wakati ule. Human Rights Watch iliandika mwaka uliofuata kwamba zaidi ya watu 100, wapiganaji pamoja na wake na watoto wao, walikufia huko kwa njaa na magonjwa. Habari kama hiyo ikifika Masisi, inamfundisha aliyeko msituni kwamba kubaki na bunduki ni salama kuliko kuiweka chini. Programu ya sasa, PDDRC-S, iliyoundwa 2021, inasema mpiganaji arudi katika jamii yake na jamii nayo isaidiwe. Wazo hilo ni sahihi kuliko yote yaliyotangulia. Utekelezaji ndio unaosuasua, na kijana wa Kalembe hawezi kukaa akiungojea.

Kulikuwa na njia nyingine iliyopendwa sana na wakubwa: kumvika muasi sare ya serikali. Makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009 yaliwaingiza wapiganaji wa CNDP jeshini pamoja na vyeo vyao. Miaka mitatu baadaye baadhi yao walitoka tena na kuunda M23, kundi lililobeba tarehe hiyohiyo kama jina lake. Wala jela peke yake haibadilishi mtu. Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012 kwa kuwatumia watoto vitani, akamaliza kifungo chake mwaka 2020, na mwaka 2025 akatangaza kundi jipya la waasi. Nayataja haya kwa sababu vijana wetu wanajifunza kwa kutazama wakubwa, na kwa wakubwa wameona kwamba kubadilika ni kubadilisha kofia. Wewe usiyekuwa na kofia ya kubadilisha una kazi nyingine kabisa.

Kazi ya kwanza ni kuchagua mahali. Wengi wanaotoka msituni wanataka kwenda wasikojulikana. Wanakwenda Goma kuendesha pikipiki ya tajiri, au wanashuka machimboni Rubaya, au wanaelekea machimbo ya Walikale. Naelewa. Mahali usipojulikana unalala vizuri usiku wa kwanza. Lakini machimboni kila kikundi kinatafuta mtu anayejua kufungua na kufunga bunduki, na asiye na ndugu karibu ndiye anayechukuliwa mapema. Mjini nako, siku pikipiki inapokamatwa na hujalipa ada ya wiki, huna mjomba wa kumwendea. Kutojulikana ni starehe ya muda mfupi. Ushauri wangu ni huu: rudi karibu na watu wanaokujua kadiri usalama unavyoruhusu. Kama kikundi ulichokitoroka bado kinashika kijiji chenu, usirudi. Utauawa au utarudishwa kazini. Tafuta shangazi au mjomba katika sentre nyingine, Kitchanga, Mweso au Masisi mjini, lakini awe mtu mzima anayejua yote uliyoyafanya na aliyekubali kukupokea akijua. Ukipokelewa kwa uongo, utaishi ukiuogopa uongo huo, na mwenye kuujua atakushika nao mkono kila akitaka.

Kama bado hujafika miaka 18, kumbuka kwamba sheria ya Kongo ya Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza kabisa kumwandikisha mtoto katika jeshi au kikundi. Wewe ni mtu aliyetendewa kosa. Wako wanaopokea watoto kama ninyi na kutafuta wazazi wao, Msalaba Mwekundu miongoni mwao. Mtoto anayepitia njia hizo hupewa hati ya kutoka katika kikundi. Itunze, ila usiitembeze. Kwenye barieri ya kundi jingine karatasi hiyohiyo inayokulinda inaweza kukutaja. Mwachie mama, au paroko, au mwalimu mkuu, ubaki na nakala pale panapofaa.

Mtu mzima naye ana tatizo la karatasi. Kongo hii kitambulisho tunachotumia ni karte ya uchaguzi, na katika uandikishaji wa 2022 hadi 2023 Masisi na Rutshuru hazikuandikishwa kwa sababu ya vita. Kuna watu wema kabisa huko wasio na karte halali, sembuse aliyekuwa msituni. Usipite barabarani ukiwa huna chochote mkononi. Nenda kwa chifu wa kijiji au wa lokalite, mwende na mtu mzima anayeheshimika, uandikiwe hati ya kuthibitisha unakoishi. Ni karatasi ndogo, lakini inakulazimisha kufika mbele ya chifu na kusema jina lako la kuzaliwa, na mbele ya shahidi. Jina la msituni liache hapo. Mtu akikuita kwa jina lile barabarani, usiitike.

Sasa nije kwenye jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wasomaji. Katika vyumba vya maombi vya Kivu, aliyetoka msituni hupewa kipaza sauti. Anasimulia aliyoyafanya, watu wanapiga makofi, mchungaji anatangaza kwamba ya kale yamepita. Sina ugomvi na imani. Watu wengi imewazuia wasirudi porini. Ugomvi wangu ni na anwani. Mama uliyemchukulia mbuzi wawili Kashuga hayumo katika chumba kile. Aliyekusamehe ni mkusanyiko ambao hukuudhuru. Ushuhuda wa namna hiyo unampa mtu utamu wa kusamehewa kabla hajalipa, na baada ya miezi mitatu anashangaa kwa nini sokoni bado wanamgeuzia mgongo. Anawaita wagumu wa moyo. Mwishowe anakasirika, na hasira ya mtu anayejiona ametakasika ni mbaya kuliko ya mwanzo.

Kwa hiyo panga maneno yako hivi. Yote, mwambie mtu mmoja: mjomba, padri, mama yako mkubwa, yeyote mwenye kifua. Baada ya hapo kila jambo lipeleke kwa mwenyewe, bila hadhira. Usiende peke yako. Ukionekana mlangoni kwa mwanamke uliyemdhulumu ukiwa peke yako, kwake wewe bado ni yule wa zamani. Mtume mzee kwanza aulize kama yuko tayari kukuona. Akikataa, hiyo ni haki yake, na usimzungushe na watu wengine kumbembeleza. Akikubali, sema kifupi ulichofanya. Usieleze kwamba ulikuwa umeamriwa. Analijua hilo na halimsaidii. Uliza unadaiwa nini. Mara nyingi jibu litakuwa dogo kuliko ulivyoogopa, au litakuwa la kazi: mlimie msimu mmoja, mjengee choo, msomeshee mtoto mhula mmoja. Lichukue kama deni la dukani, na ulilipe bila kuchelewa.

Majirani zetu Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wana hekima ninayoipenda katika jambo hili. Watoto wao walipoanza kutoka kwa waasi wa LRA, wazee waliwapokea kwa kuwakanyagisha yai bichi njiani kabla ya kuingia nyumbani. Hiyo ilikuwa desturi ya kumkaribisha aliyekaa mbali na pengine amekutana na mambo machafu. Kwa damu iliyomwagika kati ya koo mbili kulikuwa na desturi nyingine kabisa, mato oput, ambayo hufika mwisho wake baada ya mazungumzo marefu na fidia, pande mbili zikinywa pamoja kinywaji kichungu cha mzizi. Waacholi hawakuchanganya mambo hayo mawili. Yai ni la siku ya kufika. Mzizi mchungu ni wa siku deni limelipwa, na kati ya siku hizo mbili inaweza kupita miaka. Sisi Kivu tunachanganya. Tunataka kijana akanyage yai na anywe mzizi siku moja, mbele ya kamera ya mradi, kisha kila mtu arudi nyumbani na posho.

Na yako makosa ambayo wazee hawana mamlaka ya kuyamaliza kwa mbuzi. Kubaka ni mojawapo, kuua raia ni jingine. Ntabo Ntaberi Sheka, ambaye kundi lake la NDC lilikuwa miongoni mwa makundi yaliyowabaka mamia ya watu katika vijiji vya Walikale kati ya Julai na Agosti 2010, alijisalimisha Julai 2017, na mahakama ya kijeshi ya Goma ikamhukumu kifungo cha maisha Novemba 2020. Kujisalimisha kwake hakukufuta yale ya 2010. Mzee akikuambia kwamba kesi ya binti aliyebakwa imekwisha kwa kuwa babake amepewa ng'ombe, ujue amemaliza kesi ya baba.

Tuseme umefika, umesema, umeanza kulipa. Unaishije? Hapa nakwenda polepole, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapoanguka.

Anza na kitu kinachovunwa haraka na kinachoonwa na watu. Maharage yanakomaa kwa takriban miezi mitatu. Muhogo unataka mwaka na zaidi. Mtu asiyeaminiwa hapewi shamba la muhogo, kwa sababu mwenye shamba anajiuliza kama mwaka ujao utakuwepo. Omba kipande kidogo cha maharage, hata kwa makubaliano ya kugawana mavuno, karibu na njia. Palilia mchana. Kwenye salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, ufike mapema na uwe na jembe lako. Yote haya yanaonekana madogo, lakini watu wa kijijini hawana kipimo kingine. Hawaoni ndani ya moyo wako. Wanaona kama mistari yako imepaliliwa. Misimu miwili mfululizo, ile inayoanza Septemba na ile ya Februari, inatosha kubadilisha namna unavyosalimiwa.

Pesa zifuatie njia hiyohiyo. Karibu kila sentre ina AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama ni kati ya 15 na 30, wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mpangilio huo umetengenezwa na watu wanaojua kwamba hata mwema anajaribiwa, na ndiyo maana unamfaa mtu kama wewe kuliko sehemu inayotaka uaminiwe kwa imani tu. Omba kuingia. Watasitasita. Mwombe mwanachama mmoja akudhamini. Mzunguko wa kwanza nunua hisa moja kila wiki, usikose, usikope, usigombee ufunguo wala cheo. Mzunguko wa pili kopa kidogo na urudishe kabla ya siku. Ukikosa hisa wiki moja, nenda mkutanoni uiseme; ukijificha nyumbani watakuwa wameshakuhukumu ifikapo jioni.

Jihadhari na jioni. Hakuna anayewaambia vijana hawa ukweli kuhusu kile watakachokikosa. Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliofanya kazi na wapiganaji wa zamani Goma, waligundua jambo ambalo wenyewe walilijua lakini hawakuthubutu kulitamka: pamoja na hofu na ndoto mbaya, wengine walionja raha katika ukatili. Tiba yao ilimtaka mtu asimulie maisha yake yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, yaliyomuumiza na pia yale aliyoyafurahia, na wengi waliopitia tiba hiyo walipata nafuu. Fikiria kijana wa miaka 17 ambaye wazee walikuwa wakimvulia kofia kwenye barieri. Leo anatumwa maji na dada yake. Anachokikumbuka ifikapo saa moja usiku ni ile heshima, na pombe ya kanyanga inamrudishia kidogo, kwa muda. Ukijijua hivyo, usikae peke yako saa hizo na usikae na uliokuwa nao msituni. Imba kwaya, cheza mpira, jifunze kusoma, hata cheza karata bila pombe. Usingizi ukikataa kwa wiki nyingi, nenda kituo cha afya umwambie muuguzi wazi. Usimwambie kwamba ni malaria.

Mtafute pia mtu aliyekutangulia. Zanzibar, tangu 2009, waliokuwa wakitumia heroini walifungua wenyewe nyumba za kupona, na anayekusimamia humo ni mtu aliyelala kwenye mitaro ileile. Dar es Salaam, tangu 2011, hospitali ya Muhimbili inawapa waathirika methadoni, na mgonjwa anafika kila siku kuinywa mbele ya mhudumu. Watu wa pwani wametuzidi kuelewa kwamba mtu anayebadilika anahitaji kuonwa kila siku na anayejua hila zake. Kalembe hakuna nyumba kama hizo. Lakini yuko fundi wa baiskeli au mlinzi wa shule aliyetoka msituni miaka kumi iliyopita na leo hakuna anayelikumbuka hilo kwa sauti. Mwendee. Atakuambia ni mwezi wa ngapi alitaka kurudi, na kilichomzuia.

Kuanguka kunaweza kutokea. Ukalewa, ukapiga mtu, ukatoweka wiki mbili. Siku hiyo shetani atakuambia kwamba umerudi sifuri, kwa hiyo heri uende moja kwa moja. Ni uongo uleule wa kuanzia sifuri. Misimu uliyolima imelimwa na hisa ulizonunua zimo sandukuni. Unadaiwa siku hizo mbaya, nenda ukazilipe.

Ninyi mnaopokea, nina maneno machache, na baadhi ni makali. Hamlazimiki kusamehe. Aliyechomewa nyumba anaruhusiwa kukaa kimya hadi kaburini. Mnachopaswa ni kutomfungia mtu kazi: mkimnyima shamba, kikundi, shule na soko, mmemwachia ajira moja tu, na mnaijua. Msimwombe hadithi za vita kwenye kasiksi. Mnamfundisha kwamba anapendeza akiwa muuaji. Msimtwike kila wizi wa kuku.

Na zaidi ya yote, msimrudishe ninyi wenyewe. Hili ndilo linaloniuma kuhusu miaka hii. Mei 2022 vikundi vilivyokuwa vikichinjana vilikutana Pinga, mwendo mfupi kutoka Kalembe, vikakubaliana kutoshambuliana ili vipigane na M23. Ulikuwa mkutano wa wenye silaha. Hesabu ya waliochomewa nyumba katika ugomvi wao ilibaki kama ilivyokuwa. Tangu hapo, katika vijiji vingi, wito wa Wazalendo umekuwa wito wa heshima, na wa kwanza kutajwa ni yule anayejua silaha. Mzee aliyemwambia kijana mwaka juzi "mwanangu, shika jembe" ndiye leo anayemwambia "wewe una uzoefu, tutetee". Naijua hofu ya mzee huyo, nami sina jibu rahisi kuhusu nani atakilinda kijiji jeshi lisipofika. Lakini tuite jambo kwa jina lake: kijana alibadilika, na ni sisi tuliomtaka awe yule wa zamani. Akiomba kubaki na maharage yake, mheshimuni kama mnavyowaheshimu walioondoka. Na wewe kijana, siku hiyo ikifika, jibu uwe umeliandaa mapema na umelizungumza na mjomba. Ukianza kufikiri mbele ya umati utakwenda.

Wasichana nimewaacha nyuma, kama wanavyoachwa siku zote. Shirika la Child Soldiers International liliongea na wasichana 150 mashariki mwa Kongo mwaka 2016, wengi wao wakiwa wamepita katika vikundi. Wengi hawakupitia programu yoyote. Walitoroka usiku na kurudi nyumbani kimyakimya, na nyumbani wakaitwa wake wa askari. Walichoomba zaidi ni shule, kwa kuwa msichana mwenye daftari anatazamwa tena kama mtoto wa watu. Kwa hiyo baba, ukimpata binti yako hai, mrudishe darasani hata kama ana miaka 16 na anaketi na watoto wa 11. Akiwa hataki, mtafutie darasa la kusoma na kuandika la parokia, au mwalimu wa jirani. Watoto wenzake wasimsengenye. Hilo ni la mama na shangazi kusimamia.

Kama amerudi na mtoto, mtoto huyo hajawahi kuwa msituni kwa hiari yake. Sheria inataka kuzaliwa kuandikishwe ndani ya siku 90, bure. Baada ya hapo utahitaji hukumu ya mahakama, safari na gharama ambazo familia maskini haziwezi. Mama anaweza kwenda kumwandikisha hata baba asipojulikana. Babu, peleka mjukuu aandikwe, na umpe jina la ukoo wako. Mtoto asiye na jina la ukoo Masisi hana mahali pa kulima, na miaka 15 ijayo atakuja mtu kumwambia kwamba anajua pa kumpeleka.

Kwa wakimbizi wa ndani nasema machache, kwa kuwa mnayajua kuliko mimi. Msiache mipaka ya mashamba yenu katika kumbukumbu za mtu mmoja mzee. Kaeni kambini na majirani wa shamba, mwandike kwenye daftari miti na mifereji inayotenganisha, wote watie saini au kidole. Mkirudi na kumkuta mtu analima kwenu, nendeni kwa chifu na daftari kabla ya kuchukua panga. Mara nyingi anayelima hapo naye alifukuzwa kwingine.

Mwisho, wazee wa Kalembe, Kashuga na Pinga. Mvua za msimu mkubwa zinaanza Septemba, na mbegu za maharage zinapanda bei kabla yake. Mnawajua vijana waliotoka mwaka huu, mnajua wanapolala. Msingoje mradi uje na orodha. Kila familia yenye kipande kisicholimwa imkopeshe mmoja wao kwa msimu mmoja, mbele ya chifu na mashahidi wawili, na mbegu zilipwe kutoka katika mavuno. Fanyeni hivyo Agosti, kabla aliyeko msituni hajawatumia ujumbe.